Majani Yamfaayo Ng'ombe wa Maziwa katika Nchi ya Nyeri

Mfugaji wa Nyeri anapotaka kununua ng'ombe wa gredi huuliza mengi: mama yake alikamwa kiasi gani, amezaa mara ngapi, amechanjwa au la. Ni wachache wanaojiuliza kwanza atakula majani gani. Hata hivyo ng'ombe mkubwa wa maziwa huweza kula kilo 70 za majani mabichi kwa siku, yaani zaidi ya tani 25 kwa mwaka. Majani hayo yasipotoka shambani, yatatoka mfukoni.

Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya mashamba vilipounganishwa na ng'ombe wa gredi wakaanza kuenea, jani lililoshika nafasi ya kwanza lilikuwa Napier, ambalo wengi huliita mabingobingo. Sababu ni wazi. Katika Tetu, Othaya, Mukurweini na Mathira shamba ni dogo, tena lina kahawa au chai, wala hakuna mahali pa kumwachia ng'ombe atembee. Mabingobingo hukatwa na kupelekwa zizini, huota tena upesi, na mizizi yake huzuia udongo kando ya matuta. Mahali penye mvua na samadi ya kutosha, ni vigumu kupata jani lililo na mavuno makubwa kuyashinda.

Lakini wingi si shibe. Wako wanaoyaacha mabingobingo mpaka yampite mtu kimo, wakiona fahari mzigo ulivyo mkubwa. Hapo shina limekuwa gumu kama kuni, na ng'ombe hujaza tumbo bila kuongeza maziwa. Wakati wa kukata ni yanapofika kimo cha mita moja hivi, ambayo wakati wa mvua huwa baada ya wiki 6 hadi 8.

Jambo jingine ni ugonjwa. Katika miaka ya 1990 ukungu unaoshambulia mabingobingo uliingia katika mashamba ya Kenya ya kati. Mmea ulioshikwa hutoa maua kabla ya wakati wake, na maua hayo hufunikwa na unga mweusi kama masizi. Mashina huwa membamba, majani hupungua kila yanapokatwa, na mwishowe shina zima hufa. Mfugaji asiyeujua hulaumu udongo au jua, kisha huenda kwa jirani kuomba vipandikizi na kurudi na ugonjwa ule ule, maana huenezwa na upepo na pia na vipandikizi. Dawa ni kung'oa mashina hayo na kuyachoma moto, kisha kupanda aina zinazouhimili, kama Kakamega 1 na Kakamega 2 zilizochaguliwa na watafiti wa Kenya. Ajihadhari pia asilete vipandikizi ovyo kutoka magharibi mwa nchi, ambako kuna ugonjwa mwingine wa kuyadumaza na kuyageuza rangi kuwa manjano.

Siku hizi wapo wafugaji waliogeukia brakiaria, nalo lina historia ya kushangaza. Asili yake ni Afrika. Aina moja imepewa jina la Mto Ruzizi, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Burundi. Lilichukuliwa hadi Amerika ya Kusini, na huko Brazili likaenea katika mamilioni ya hekta za malisho. Wataalamu wa Kolombia walichanganya aina zake wakapata Mulato II, ambayo sasa imerudi Kenya pamoja na nyingine, kama Piatã. Majani yake ni laini, ng'ombe huyapenda, na mizizi yake mirefu huyavusha kiangazi vizuri kuliko mabingobingo. Hata hivyo Mulato II husumbuliwa na utitiri mwekundu wakati wa ukavu, na mbegu yake ni ya kununuliwa dukani.

Anayeishi Kieni, upande wa Naro Moru na Mweiga, asiige jirani wa Othaya. Milima huizuia mvua isifike huko kwa wingi. Huko jani la Rhodes hufaa zaidi, kwa kuwa huvumilia ukavu na hukaushwa vizuri likawa nyasi kavu za kuwekwa akiba. Mbegu zake ni ndogo sana; zikifukiwa chini sana hazioti. Na kule juu karibu na misitu, penye baridi na udongo wenye rutuba, nyasi za asili ya nchi yenyewe, zile ambazo Australia na Afrika Kusini huziita nyasi za Kikuyu, zastahili kutunzwa kwa malisho ya kuchungia. Hazifai sana kukatwa na kubebwa.

Jani lolote lipandwalo, desmodiamu ikipandwa katikati ya mistari humwongezea ng'ombe protini na kuurutubisha udongo.

Kwa mwenye ekari mbili, si busara kung'oa mabingobingo yote kwa sababu ya habari za brakiaria. Na apande mistari michache mwanzoni mwa mvua za Machi, naye apime kwa mizani majani anayokata na maziwa anayokama, mvua hata kiangazi. Maafisa wa kilimo, pamoja na kituo cha mafunzo cha Wambugu karibu na mji wa Nyeri, waweza kuulizwa juu ya mbegu na vipandikizi visivyo na ugonjwa.