Saul Goodman na Mpaka wa Siri ya Wakili

Katika tamthilia ya Perry Mason, iliyoonyeshwa katika televisheni ya Marekani tangu mwaka 1957 mpaka 1966, mtazamaji alistarehe kwa kujua mapema kwamba mshitakiwa hakuua. Wakili alisimama mahakamani, akamhoji shahidi huyu na yule kwa utaratibu, na aghalabu muuaji wa kweli akajifichua kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya kadamnasi. Tamthilia ya namna ile humtukuza wakili, lakini humficha mtazamaji jambo lililo zito kuliko yote katika kazi ya uwakili, maana mtetezi wa mtu asiye na hatia hatakiwi na mtu yeyote kujieleza. Uzito huanza pale mteja anapokuwa mkosaji kweli, wakili akawa anajua, na sheria ikamtaka amtetee vilevile.

Mwaka 2009, katika msimu wa pili wa Breaking Bad, alizuka wakili wa sura nyingine kabisa. Jina lake la kazi ni Saul Goodman, na jina alilopewa na wazazi wake ni James McGill. Aliyemwigiza ni Bob Odenkirk, na mahali pake pa kazi ni mji wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico. Afisi yake imo katika safu ya maduka ya kandokando ya barabara, juu ya paa limesimamishwa puto kubwa lenye umbo la Sanamu ya Uhuru, na ukuta ulio nyuma ya meza yake umepambwa kwa maandishi ya Katiba ya Marekani, hata anayeketi mbele yake hudhani kwamba amefika kwenye hekalu la haki. Watazamaji walimpenda mno, ikabidi atungiwe tamthilia yake peke yake, Better Call Saul, iliyoonyeshwa tangu mwaka 2015 hadi 2022. Mimi nami ni miongoni mwa waliompenda, na kwa sababu hiyohiyo naona inafaa tumtazame kwa jicho la sheria, kwa kuwa wengi waliomtazama wameondoka na rai isiyo sahihi, yaani kwamba ubaya wake ni kuwatetea watu wabaya. Ubaya wa Saul Goodman hauko huko hata kidogo, na mtu akiuweka huko huwadhulumu mawakili wengi waaminifu wanaofanya kazi ngumu kwa ujira mdogo.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi haki ya kutetewa ilivyopatikana katika nchi ya huyo Saul. Mwaka 1961, katika mji wa Panama City jimboni Florida, maskini mmoja aitwaye Clarence Earl Gideon alishitakiwa kwa kuvunja na kuingia katika nyumba ya mchezo wa biliadi. Aliomba apewe wakili kwa kuwa hana fedha, hakimu akamjibu kwamba sheria ya jimbo haimruhusu kumpa. Gideon akajitetea mwenyewe kadiri ya uwezo wake, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Akiwa gerezani alichukua penseli akaiandikia Mahakama Kuu ya nchi yake, na mwaka 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba mtu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa la jinai, kama hana uwezo, sharti serikali impatie wakili. Kesi ilirudiwa, safari hii Gideon akiwa na mtetezi kando yake, na wazee wa baraza wakamwachilia huru. Mashtaka yalikuwa yaleyale. Kilichozidi ni mtu mmoja anayejua namna ya kuuliza maswali. Basi anayesema kwamba mhalifu hastahili wakili husahau kwamba kabla ya wakili kusema hakuna ajuaye kwa yakini kama aliyesimama kizimbani ni mhalifu au ni Gideon.

Hiyo ndiyo kazi aliyoianza James McGill kabla hajajibandika jina la Saul, na watunzi wa Better Call Saul, Vince Gilligan na Peter Gould, wanastahili sifa kwa kuionyesha bila ya kuipamba. Katika sehemu ya kwanza kabisa tunamkuta akiwatetea vijana watatu waliovunja chumba cha maiti na kufanya humo ufidhuli usiotajika. Anasimama mbele ya wazee wa baraza, anawaomba wakumbuke ujinga wa umri wa miaka 19, anasema kwa ufasaha wa kumtoa nyoka pangoni. Kisha upande wa mashtaka unasukuma televisheni hadi mbele yao na kuwaonyesha mkanda ambao vijana wenyewe walijipiga, na maneno yote yakaanguka. Anapokwenda kudai malipo yake anapewa hundi ya dola 700, naye alidhani atalipwa dola 700 kwa kila mshitakiwa. Katika jambo hilo hapana hila wala uovu. Amewatetea waliokosa, ameshindwa, amelipwa kidogo. Ni siku moja ya kawaida ya wakili anayepangiwa kesi za mafukara, na walio katika kazi hii mahali popote duniani wataitambua.

Mambo hugeuka jangwani, tukirudi katika Breaking Bad. Walter White, mwalimu wa kemia aliyepata saratani ya mapafu akaingia katika upishi wa dawa ya kulevya iitwayo methamfetamini, anahofu kwamba mmoja wa wauzaji wake aliyekamatwa atamtaja, na Saul ndiye wakili wa muuzaji huyo. Walter na mwenziwe Jesse Pinkman wanamteka Saul usiku, nyuso zao zimefunikwa, wanampeleka nje ya mji na kumpigisha magoti mbele ya kaburi lililokwisha kuchimbwa. Saul, akisha kutambua kwamba watekaji wake si watu aliowaogopa, anatulia, na mikono yake ikiwa imefungwa anawaambia kila mmoja atie dola moja mfukoni mwake, ili tangu dakika hiyo wawe wateja wake, na kila watakachomwambia kiwe siri inayolindwa na sheria. Fedha zinaingia mfukoni, na watazamaji wengi wakaamini kwamba wamefundishwa somo la sheria.

Somo hilo lina makosa mawili, moja dogo na moja kubwa. Dogo ni kwamba dola haikuhitajiwa. Siri ya wakili na mteja haizaliwi na malipo, bali huzaliwa na nia: mtu anapomwendea wakili kwa ajili ya shauri la kisheria, katika faragha, maneno yake hulindwa hata kama hakutoa senti, na hata kama mwishowe wakili akaikataa kesi. Kubwa ni hili, na ndilo kiini cha mambo yote ninayotaka kuyabainisha, kwamba kinga hiyo hutazama nyuma, haitazami mbele. Humlinda mtu anayesema alichokwisha kukifanya ili atetewe. Haimlindi anayetaka shauri juu ya kosa analokusudia kulifanya.

Sijapata kuona mahali palipoeleza tofauti hiyo kwa uwazi kuliko Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza ilitumika pia katika mahakama za Afrika Mashariki. Kifungu chake cha 126, baada ya kuweka kanuni, kilitoa mifano. Katika mfano wa kwanza mteja anamwambia wakili kwamba ameghushi hati na anataka amtetee. Maneno hayo ni siri, kwa kuwa kumtetea mtu anayejulikana kuwa ametenda kosa si jinai. Katika mfano wa pili mteja anamwambia wakili kwamba anataka kujipatia mali kwa hati ya kughushi, na anamwomba afungue madai kwa kuitegemea hati hiyo. Maneno hayo si siri, na wakili anaweza kuitwa akatoa ushahidi. Mtu ni yuleyule, wakili ni yuleyule, hati ya uongo ni ileile, na kilichotofautisha ni wakati: kosa limekwisha kutendwa, au lingali linatengenezwa. Majaji wa Uingereza waliikaza kanuni hiyo mwaka 1884 katika kesi ya Cox na Railton, watu wawili waliokwenda kwa wakili kutafuta njia ya kumnyima mdai haki aliyokwisha kuipata mahakamani; walipokuja kushitakiwa kwa kula njama, wakili wao aliruhusiwa kueleza waliyomwuliza, ijapokuwa yeye mwenyewe hakujua dhamira yao. Nchini Kenya kinga na mpaka wake vimo katika kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, na asili yake ni hiyohiyo.

Sasa tumpime Saul kwa mizani hiyo. Kama usiku ule jangwani Walter angalimwambia tu, "Nimepika dawa, naogopa kutajwa, nisaidie," maneno hayo yangalikuwa amana, na Saul angaliweza kuyachukua mpaka kaburini huku akimtetea mtu wake kwa kila njia iliyo halali, asitie doa hata moja katika heshima yake. Lakini wanayoyafanya mara tu baada ya hapo ni kumtafuta mtu wa kulipwa fedha ajitwalie jina la mpishi wa dawa na kwenda gerezani badala yake, ili wapelelezi wadanganyike. Tangu wazo hilo lilipotamkwa ule uwakili ulikwisha, ukabaki ushirika wa wahalifu ambao mmoja wao ana shahada ya sheria.

Yanayofuata ni zaidi. Jesse anapolimbikiza fedha asizoweza kuzieleza, Saul anampeleka kwenye saluni ya kucha na kumpa darsa la utakatishaji wa fedha: kwanza fedha chafu huingizwa katika biashara inayopokea fedha taslimu nyingi, kisha huchanganywa na mapato halali zikapitishwa katika vitabu na mabenki hata asili yake isijulikane, na mwisho hurudi mkononi mwa mwenyewe zikiwa na sura ya faida iliyolipiwa kodi. Darsa lenyewe ni sahihi, nami sina la kulikosoa katika ufundi. Lakini huko Marekani utakatishaji umekuwa kosa linalosimama peke yake tangu sheria ya mwaka 1986, na anayemwonyesha mteja duka la kununua kwa kusudi hilo hatoi shauri la sheria, anashiriki. Na katika msimu wa mwisho, shemeji yake Walter, ambaye ni mpelelezi wa dawa za kulevya, anapogundua kila kitu, Saul anauliza kwa sauti ya upole kama haingefaa kumsafirisha mtu huyo Belize. Kila aliyeko chumbani anajua kwamba safari hiyo haina marejeo. Huyo ni mtu mwenye leseni ya uwakili akipendekeza kuua, na hakuna kanuni ya siri, ya kale wala ya sasa, inayoweza kumfunika.

Kuna walioniuliza kama wakili ajuaye kwamba mteja wake atasema uongo mahakamani anafungwa na siri vilevile. Mahakama Kuu ya Marekani ililijibu swali hilo mwaka 1986, katika kesi ya Nix na Whiteside iliyotoka jimbo la Iowa: wakili alimwambia mteja wake kwamba akithubutu kutoa ushahidi wa uongo ataiarifu mahakama na kujitoa katika kesi, na majaji wakaona kwamba hakumnyima haki yake yoyote. Haki ya kutetewa ni kubwa, wala haikuchukua ndani yake haki ya kusaidiwa kusema uongo.

Uzuri wa Better Call Saul, kwa mtu wa sheria, ni kwamba mpaka huo hauvukwi kwa hatua moja. James anaanza kwa kugundua kwamba nyumba za kutunzia wazee zinawatoza wakaaji wake fedha zisizostahili, naye anaikokota kesi hiyo kwa bidii ya kupigiwa mfano. Halafu, ili kumnusuru mwanamke anayempenda, anabadili tarakimu za anwani katika nyaraka za kesi ya benki iliyo mikononi mwa kaka yake Chuck, wakili mwenye sifa kubwa, hata Chuck akafedheheka mbele ya wateja. Katika ugomvi uliofuata anafikishwa mbele ya baraza la nidhamu la mawakili na kusimamishwa kazi kwa mwaka mmoja. Adhabu hiyo ilikuwa nafasi yake ya kurejea. Yeye aliyarudia mashauri akiwa na jina jipya, na katika kutafuta fedha akamwombea dhamana muuaji wa kundi la Salamanca chini ya jina la uongo, dhamana ya dola milioni 7, akaenda mwenyewe jangwani kuzileta katika mifuko.

Mwisho wake nao una jambo la kisheria ambalo wengi hawakulitambua. Saul, akisha kukamatwa, anazungumza na upande wa mashtaka kwa werevu wake wote, anapata makubaliano ya kukiri makosa yatakayomfunga miaka 7 tu. Kisha anasimama mahakamani, anayavunja makubaliano hayo kwa hiari yake, anasema kwamba bila yeye Walter White angalikufa au kufungwa mapema, na anahukumiwa miaka 86. Mtu makini anaweza kuuliza iwapo wakili ana ruhusa ya kuyatoa hadharani mambo ya mteja aliyefariki, kwa maana mwaka 1998, katika shauri la Swidler & Berlin lililohusu maandiko ya wakili wa afisa mmoja wa Ikulu aliyekwisha kufa, Mahakama Kuu iliamua kwamba siri ya mteja haifi pamoja naye. Walter alikuwa amekufa, na kama siri ingalikuwapo ingalidumu. Lakini aliyoyakiri Saul siku ile ni yale waliyoyapanga pamoja na aliyoyatenda kwa mkono wake mwenyewe, na hayo hayakupata kuwa siri hata siku moja. Ndiyo sababu hapakuwa na haja ya mtu yeyote katika mahakama ile kuinuka na kumtaka anyamaze kwa ajili ya mteja wake.