Tumbo Si Kichwa

Wazee wa Gusii hawakungoja kufunzwa upasuaji na mgeni. Kabla ya hospitali kujengwa mjini Kisii, walikuwapo mabingwa walioitwa omobari, ambao waliweza kuchana ngozi ya kichwa cha mtu aliyepigwa rungu, wakaukwangua mfupa wa fuvu hadi ukapata tundu, na wagonjwa wengi wakarejea makwao wakiwa hai. Katika karne ya 20 madaktari wa kigeni walifunga safari kuja kuutazama ustadi huo.

Hivi majuzi mwanafunzi mmoja wa hapa Suneka aliniuliza swali ambalo sikuweza kulipuuza. Ikiwa omobari alifungua kichwa uani, pasipo taa ya umeme, mbona leo mtu apasuliwe tumbo katika chumba chenye vigae na hewa safi, kisha kidonda kitunge usaha?

Jibu ni kwamba tumbo si kichwa. Ndani ya fuvu la mtu mwenye afya hamna bakteria. Wale wanaoingia hutoka nje, mikononi mwa mpasuaji au kwenye kisu chake. Utumbo mpana, kinyume chake, ni ghala lao. Gramu moja tu ya kinyesi yaweza kubeba bakteria wapatao bilioni 100, na wengi wao ni wa aina isiyohitaji oksijeni. Wakiwa humo ni raia wema: husaga mabaki ya chakula na kututengenezea vitamini K. Lakini ukuta wa utumbo ukikatwa, hata kwa mkono wa daktari stadi, raia hao hugeuka wavamizi.

Tena upasuaji huu aghalabu si wa kupangiwa tarehe. Katika Afrika Mashariki, mojawapo ya sababu kuu za utumbo mpana kuziba ni kujipinda wenyewe, maradhi yanayowashika wanaume zaidi. Tumbo hufura kama ngoma na choo hukatika. Jamaa hujaribu hiki na kile nyumbani, na hali inapozidi ndipo matatu ya kwenda Kisii hutafutwa. Damu ikiwa imekwisha kukatika na utumbo umekuwa mweusi, bakteria huwa wamepenya ukuta kabla ya kisu kugusa ngozi.

Nimehudhuria harambee zaidi ya moja kando ya barabara hii ya Kisii na Migori ambazo fedha zake hazikuwa za upasuaji wenyewe, bali za majuma yaliyofuata: kidonda kilichofumuka, kitanda kilicholipiwa siku baada ya siku, mgonjwa aliyerudishwa chumbani kupasuliwa upya. Walimu ndio huandika majina ya wachangaji katika daftari. Haituelei vyema kwamba sehemu ya gharama hiyo yaweza kuepukwa.

Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walikusanya majaribio 26 ya upasuaji wa utumbo mpana. Waliopewa dawa ya kuua bakteria walipata maambukizi kwa asilimia 22, wasiopewa asilimia 36. Vifo vilishuka kutoka asilimia 11.2 hadi 4.5. Dawa mojawapo iliyoleta mageuzi wakati huo ni metronidazoli, ile ile tuijuayo kwa jina la Flagyl na tunayoinunua dukani kwa sababu ya amiba. Huwaua bakteria wasiotaka oksijeni.

Hata hivyo, dawa ina wakati wake. Hapana budi iwe imefika katika damu na nyama ya mwili kabla ya ngozi kuchanwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2016, lilisema dawa itolewe katika muda wa saa mbili kabla ya kisu, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu. Aliyekwisha kuambukizwa, kama yule wa utumbo mweusi, hutibiwa kwa siku kadhaa. Hiyo si kinga tena. Mwongozo huo unaeleza pia kuwa kumharisha mgonjwa ili utumbo uwe mtupu hakutoshi pasipo dawa za kumeza za kuua bakteria.

Huko Thika, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba kabla ya utaratibu kubadilishwa ni asilimia 2 tu ya waliopasuliwa waliopata dawa kabla ya kisu, ilhali asilimia 99 walipewa baadaye. Gari lilifungwa mbele ya punda! Katika juma la sita la utaratibu mpya, waliopewa kabla walifika asilimia 98, na waliopewa baadaye wakapungua hadi asilimia 10. Mashine mpya haikununuliwa, na gharama ya dawa ilipungua.

Wala si kila kitu cha bei ghali kinafaa. Mwaka 2021 majaribio makubwa katika nchi saba, Rwanda ikiwamo, yalionyesha kwamba nyuzi za kushonea zilizotiwa dawa hazikuzishinda nyuzi za kawaida. Mwaka uliofuata, katika nchi hizo hizo, wagonjwa zaidi ya 13,000 walifuatiliwa kuhusu jambo dogo mno: wapasuaji kuvua glavu, kuvaa mpya na kuchukua vifaa visafi kabla ya kulishona tumbo. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Ukiwapasua watu 100, watatu hivi wamenusurika kwa sababu ya jozi za glavu na sinia la pili la vyuma. Omobari hakuwa na la kujua hapo, maana yeye hakufungua utumbo.

Nilipomweleza mwanafunzi wangu hayo yote, aliuliza kama glavu hubadilishwa hivyo katika hospitali zetu za huku. Nilimwambia alihifadhi swali hilo hadi siku ambayo daktari atakuja shuleni kuwashauri kuhusu kazi za baadaye, naye ameliandika nyuma ya daftari lake la biolojia.