Mvua Ikikatika, Kazi ya Bustani Huanza Uluguru

Kwa wakazi wengi wa mji wa Morogoro, kukatika kwa masika ni faraja: njia hukauka, nguo huanikika, na baridi ya kipupwe huleta usingizi mtamu. Kwa mkulima wa bustani aliyeko Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, siku hizo ndizo za kuamka mapema zaidi. Mwenzake wa mahindi huingoja mvua. Yeye hungoja iishe, kwani unyevu mwingi huleta ukungu unaoozesha mboga.

Kazi huanzia kitaluni. Mbegu za kabichi husiwa kwa mistari juu ya tuta lililoinuliwa, zikafunikwa nyasi kavu na kunyunyiziwa maji. Miche ikichomoza, nyasi huondolewa upesi isije ikarefuka ikiwa dhaifu, kisha hujengewa kichanja cha kivuli. Baada ya wiki 4 hadi 6 huwa tayari kuhamishwa, lakini mkulima mzoefu haihamishi ghafla. Wiki moja kabla, hupunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Siku yenyewe huchagua jioni, mche upate usiku mzima wa kutulia. Wazazi watalitambua somo hili bila kuelezwa.

Bustani nyingi za huko zimekaa juu ya matuta ya ngazi, yaliyokatwa ili udongo usiporomoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba. Ghadhabu ikapanda, na Julai 1955 huko Matombo, upande wa mashariki, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ule ukaachwa. Mgeta matuta yalibaki, kwa sababu mboga za kumwagilia zilimlipa aliyeyachimba.

Kiangazi kikishika, maji huteremshwa kutoka vijito vya juu kwa mifereji na mipira. Hayahitaji injini, mlima wenyewe huyasukuma. Hapo ndipo penye mtihani. Aliye juu akiacha mpira wake wazi usiku kucha, wa chini huamkia kabichi zilizonyauka. Ugomvi wa namna hii ni wa kale. Madina, Zubayr bin al-Awwam (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari waligombania mfereji wa kunyweshea mitende. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa la kwanza kufikiwa na maji, anyweshee, kisha ayaachie yamfikie jirani yake. Kutangulia kupata maji, kwa hiyo, si kuyamiliki.

Na jirani wa bustani ya Mgeta hakai Mgeta peke yake. Mto Mgeta humimina maji yake katika Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kwa maji ya bomba. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu. Makusudio yake ni mema. Lakini kwa mwenye kipande kidogo bondeni, meta 60 huenda zikawa shamba lake lote. Kumwambia ahame bila kumwonyesha pa kulima ni kumtwika peke yake gharama ya maji tunayokunywa sote.

Sisi tulio chini tuna wajibu wetu pia. Kabichi za wengi zinapokomaa pamoja, bei huanguka, na dalali huwa na sauti kuliko aliyelima. Mama wa nyumbani anayelipa karoti kwa bei ya haki humsaidia mkulima kuyatunza matuta yake. Misikiti nayo ianzie mahali pa kutawadhia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, ilhali mabomba yetu huachwa yakimwagika hata baada ya mtu kumaliza kuosha miguu. Kamati zibadilishe koki zinazovuja kabla kiangazi hakijakomaa, na watoto wa madrasa waonyeshwe milima yanakotoka maji hayo.