Rai za Wanagenzi

Katika viunga vya Suneka, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori, ambako gari za Probox hushindiliwa watu na mikungu ya ndizi pamoja, niliketi nyuma ya darasa la watoto wadogo, nikimtazama binti mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu akiwafundisha kuhesabu kwa lugha ya kwao. Kwani siasa ya elimu ya Kenya, iliyotiliwa mkazo na kamati ya Gachathi mwaka 1976, yataka mtoto aanzishiwe masomo kwa lugha ya mahali pake. Mtoto mmoja, alipomaliza vidole vya mkono wa kwanza na kuushika wa pili, alisema isano nemo, yaani tano na moja, maana katika Kikisii sita haina jina la pekee, bali ni jumla iliyokwisha kufanywa na wahenga. Binti yule, ambaye lugha hiyo aliinyonya kwa mama yake, akasita chaki mkononi. Miaka yote ya chuo, iliyopita kwa Kiingereza, hakuna aliyemtanabahisha kwamba hesabu ya kujumlisha imo tayari kinywani mwa mwanafunzi wake.

Habari kama hiyo ndiyo ambayo watungao mtaala wa ualimu wangepaswa kuinunua kwa thamani kubwa. Lakini aliporejea chuoni alipewa fomu ya tathmini iliyomwuliza kama mhadhiri alifika kwa wakati na kama sauti yake ilisikika, majibu yakiwa ni tarakimu kutoka 1 hadi 5, na asiyeijaza hapati kadi ya mtihani. Aghalabu wote hutia 4 wakaenda zao. (Nami nilizijaza za namna hiyo zamani, wala sikumbuki swali hata moja.)

Sisemi kwamba maoni ya mwanafunzi aliye darasani hayana faida. Ni yeye ajuaye kama somo laeleweka. Bali asichoweza kukijua ni kile atakachokikosa kesho kazini, na kwa hilo sharti aulizwe baada ya kuonja kazi. Chuo cha Muhimbili, kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kilipoazimia kuitengeneza upya mitaala yake kiliwatafuta wahitimu waliokwisha kutawanyika mahospitalini, kikawauliza ni mambo gani yaliyowakabili ilhali hawakuandaliwa. Ndipo mitaala mipya, iliyojengwa juu ya umahiri wa kutenda, ikaanza kutumika mwaka 2011.

Kenya nayo, mwaka 2021, ilikiacha cheti cha P1 cha walimu wa msingi ikaleta diploma, na mtaala ulio mchanga kiasi hicho bado waweza kukunjwa kama fito mbichi, mradi apatikane wa kuukunja akiwa amesikia yaliyotokea darasani.

Binti yule aliigeuza fomu yake, akaandika upande wa nyuma mistari sita juu ya isano nemo, kwa kalamu nyekundu aliyosahihishia madaftari. Karani aliyezikusanya akaitazama, akamwambia kwa upole, "Madam, huku nyuma hakuandikwi," kisha akaiweka juu ya nyingine.