Gari la Zamani Likigoma Kuwaka: Tuichunguze Stata



Katika vijiji vingi gari ni moja au mawili tu, na mara nyingi ni la zamani. Ni Land Rover, Land Cruiser au pikapu iliyokwisha pita mikono mingi. Hilo ndilo linalobeba mazao. Hilo hilo ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali usiku wa manane. Siku likigoma, vijana huitwa kusukuma. Likizidi kugoma, mtu husema, "Stata imekufa, nunueni nyingine." Fedha zinatoka, stata inafungwa, na gari bado haliwaki! Kumbe kosa lilikuwa uchafu kwenye betri.

Mganga mzuri hupima kwanza, dawa baadaye. Gari nalo ni hivyo hivyo. Leo tujifunze kupima.

STATA NI NINI?

Enjini haianzi yenyewe. Lazima kitu kiizungushe kwanza ili ivute hewa na mafuta. Zamani watu waliizungusha kwa mpini uliochomekwa mbele ya gari. Enjini ikirudi nyuma ghafla, mpini uliweza kuvunja mkono wa mtu. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme, ikafungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912.

Stata basi ni mota ya umeme. Ukigeuza ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi. Solenoidi ni swichi kubwa ya kuamrishwa. Ikifunga, inalia "ta!", na umeme mwingi unatoka kwenye betri kwenda kwenye stata. Ndani ya stata umeme hupita kwenye vipande vya kaboni viitwavyo brashi. Mota inazunguka, na gia yake ndogo, ambayo mafundi huiita bendiksi, inashika meno ya gurudumu zito la enjini, yaani flaiwili. Enjini ikiwaka, gia hiyo huachia.

Kumbuka jambo hili: taa moja kubwa ya gari hutumia ampea 4 au 5 hivi. Stata hutumia ampea 100 na zaidi. Ndiyo maana taa zinaweza kuwaka vizuri na stata ikashindwa. Tone la maji hupita kwenye tundu dogo, lakini mafuriko yanataka mfereji mpana. Kutu kidogo tu kwenye kichwa cha betri huziba mfereji huo.

USALAMA KWANZA

1. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe.

2. Usivute sigara wala usisogeze kibatari. Betri hutoa hewa inayolipuka.

3. Maji ya betri ni asidi. Yakikurukia, osha kwa maji mengi. Yakiingia machoni, osha kwa muda mrefu kisha nenda zahanati.

4. Kabla ya kugusa nyaya za stata, fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Huo huo urudishe mwisho.

5. Usiwashe gari kwa kugusanisha nyaya za stata kwa bisibisi. Gari likiwa kwenye gia litaruka mbele na kumponda aliyesimama hapo. Watu wamekufa kwa mchezo huu.

PIMA KWA MACHO NA MASIKIO

Washa taa kubwa. Mwenzako asimame pembeni azitazame, si mbele ya gari. Sasa geuza ufunguo.

Taa zikififia sana au kuzimika, na stata inazunguka kwa uvivu au inalia "ta-ta-ta-ta": betri imeishiwa, au vichwa vyake ni vichafu au vimelegea. Anza hapo. Usiiguse stata bado.

Taa zikififia, sauti ikalia "ta!" moja, na enjini haisogei, ingawa betri ni nzima: huenda gia ya stata imenasa kwenye flaiwili.

Taa zikibaki kali, na ikalia "ta!" moja tu: umeme umefika kwenye solenoidi lakini hauvuki. Solenoidi imeungua ndani, au brashi za stata zimekwisha.

Taa zikibaki kali na kimya kabisa: angalia waya mwembamba wa solenoidi, swichi ya ufunguo, kisha solenoidi yenyewe.

Stata ikilia "viiii" na enjini haizunguki: bendiksi haishiki. Ikisaga kwa makelele, meno yamelika.

DAWA ZAKE

Betri. Fungua vichwa vyote viwili. Visugue kwa msasa mpaka ving'ae. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, lakini yasiingie ndani ya betri. Kausha, kaza sawasawa, kisha paka grisi juu. Ukiwa na mita, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 hivi.

Waya wa bodi. Huu husahauliwa sana. Fuata waya mnene kutoka betri mpaka kwenye bodi, na ule unaounganisha bodi na enjini. Sugua mahali unapofungwa, ondoa kutu na rangi. Njia rahisi ya kupima: jaribu stata mara mbili tatu, zima ufunguo, kisha gusa viungo kwa uangalifu. Kiungo kinachopata moto kuliko vingine ndicho chenye kasoro.

Gia iliyonasa. Zima ufunguo. Tia gia ya juu kabisa, ondoa mawe, achia breki, kisha mlisukume gari taratibu mbele na nyuma mpaka msikie imeachia. Hakikisheni mko mahali tambarare. Halafu rudisha gia huru na breki.

Brashi. Ukigonga mwili wa stata polepole kwa mpini wa nyundo, kisha ikazunguka, brashi zimefupika. Kugonga kutakufikisha nyumbani tu, si matengenezo. Stata nyingi zina brashi nne. Fundi anaweza kubadilisha hizo peke yake, kwa bei ndogo kuliko stata nzima. Mwombe akuonyeshe za zamani.

Bendiksi. Katika stata za zamani ambazo gia hujirusha yenyewe, uchafu huizuia kuteleza. Stata ikishafunguliwa, isafishwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Usiipake grisi nyingi, kwa maana grisi hukusanya vumbi.

TUITUNZE STATA

Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Gari lisipowaka, ngoja kama dakika moja ndipo ujaribu tena. Stata hupata moto upesi mno, na ikiungua ndani hapo ndipo utanunua mpya kweli. Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu na gari haliwaki, basi stata haina kosa. Tafuta kwenye mafuta au kwenye umeme wa plagi.

Kusukuma nako kuna mipaka. Gari la gia otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Na gari la kijiji linalosubiri vijana kumi kila asubuhi, usiku wa mgonjwa litawapata wapi vijana hao? Dawa ni kukagua betri na nyaya kila mwezi, mchana, kabla ya shida.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini taa zinaweza kuwaka na stata isizunguke?

2. Ukisikia "ta!" moja na taa zikabaki kali, utachunguza nini?

3. Nani katika kijiji chenu anakagua gari kila mwezi? Kama hayupo, mtamchagua nani?