Rafiki wa mbali hawezi kumkorogea mtoto uji

Ukiondoka Iringa mjini kwa barabara kuu ya Dar es Salaam, unafika Ilula, mji mdogo wa nyanya na vitunguu wilayani Kilolo. Hapo ipo hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye marafiki wa siku nyingi huko Minnesota, Marekani.

Urafiki huo kati ya Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa eneo la Saint Paul ulianza mwaka 1987, na unaitwa Bega kwa Bega. Usharika wa huku huunganishwa na usharika wa kule. Huombeana, hutembeleana, na wanafunzi wengi wamelipiwa ada ya sekondari.

Undugu wa aina hii si mgeni nchini. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji dada tangu mwaka 1966. Jijini Mbeya, watafiti wa NIMR na wenzao wa chuo kikuu cha Munich wamefanya pamoja utafiti wa VVU na kifua kikuu kwa miaka mingi.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo rafiki wa mbali hawezi kulimaliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Ni kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati cha taifa ni asilimia 30. Na hii ni Iringa ileile inayovuna mahindi, maharage, viazi na parachichi.

Kushiba si kulishwa vizuri. Mama akiwa shambani, mtoto huachiwa dada yake mdogo, akapewa uji mweupe asubuhi na ugali jioni. Mayai na parachichi vimekwenda sokoni.

Udumavu hauishii kwenye kimo. Huathiri pia ukuaji wa ubongo, na siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, zikipita ni vigumu kurudisha kilichopotea. Ada ya msamaria haitamsaidia ipasavyo mtoto aliyekwishapungukiwa kabla ya kuanza shule.

Mzazi afanye nini? Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akipewa vyakula mchanganyiko: maharage, dagaa, yai, mboga, matunda, na uji mzito wenye karanga zilizosagwa. Kliniki, omba apimwe urefu pia, si uzito tu.

Baba naye ana sehemu yake. Kabla trei la mayai halijapelekwa sokoni, abakize ya mtoto. Mama mjamzito apunguziwe jembe na kuni. Bega kwa bega ianzie nyumbani.