Ana kipaji au amezoea? Neno unalompa mtoto lina kazi yake

Kisiwani Jibondo, kusini mashariki mwa Kisiwa cha Mafia, mtoto wa miaka 10 anayeshika usukani wa ngalawa wakati mkubwa wake anarekebisha tanga hapigiwi makofi. Hakuna anayesema ana kipaji. Ukiuliza amejuaje, jibu ni fupi tu: amezoea, kakulia baharini.

Mtoto huyohuyo akirudi na alama za chini za hisabati, lugha hubadilika. “Huyu hana akili, kaka yake ndiye mwenye kichwa.” Hapo hakuna anayekumbuka kuwa hesabu nazo huzoewa.

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja uwezo wa mtu, na wazazi wengi huyatumia kana kwamba yote ni mamoja. Kipaji na kipawa yanatokana na kitenzi kupa: ni kitu ulichopewa, hukukitafuta. Karama iko karibu nayo, ila inamkumbusha msikilizaji kuwa aliyetoa ni Mungu, ndiyo maana husikika zaidi kwenye mawaidha kuliko kwenye uwanja wa mpira. Welekevu ni habari nyingine. Mtoto mwelekevu bado hajajua, lakini ukimwonyesha mara mbili tatu anashika. Ujuzi na ustadi huja baadaye, kwa kufanya. Fundi naye ni ndugu wa kufunda na kufundisha, yaani mtu aliyefundwa mpaka akaiva.

Ukitaka kuona maneno haya yakifanya kazi, nenda panapoundwa vyombo, Jibondo au Chole. Mashua na majahazi ya mwambao huu huundwa bila mchoro wa karatasi, kipimo kiko kwenye jicho na mkono wa fundi. Kijana huanza kwa kushikilia mbao, kuokota misumari, kusaidia kutia kalafati kwenye maungio ili maji yasipenye. Mataruma anaachiwa akishaaminika. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walisema wahenga, na ndivyo ilivyo pale. Siku chombo kinashushwa majini, watu watasema ukoo ule una kipaji cha mbao. Huenda. Lakini una pia miaka mingi ya kushinda kwenye vumbi la randa. Vivyo hivyo kwa binti anayesuka ukili huku anapiga soga bila kuangalia vidole vyake. Aliyeketi naye jamvini tangu ana miaka sita ni bibi yake.

Macho ya watoto wa baharini

Swali la kipaji na mazoea limewahi kupimwa, tena kwa watoto wanaofanana sana na wa Mafia. Wamoken ni jamii ya watu wa bahari katika visiwa vya magharibi mwa Thailand. Watoto wao huzamia bila miwani na kuokota kombe na vitu vidogo ambavyo mtoto mwingine hata havioni. Mwaka 2003, Anna Gislén wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima. Chini ya maji, watoto wa Kimoken waliona vizuri zaidi ya mara mbili ya watoto wa Ulaya. Walipochunguzwa, ilionekana wanabana mboni za macho wanapozamia, badala ya kuziacha zitanuke kama inavyowatokea wengine.

Mtu angesema basi, wamezaliwa hivyo. Gislén hakuishia hapo. Aliwachukua watoto wa Sweden, akawapa mazoezi ya kutazama chini ya maji kwa takriban mwezi mmoja, na katika matokeo yaliyotoka mwaka 2006 watoto hao nao walijifunza kubana mboni. Uoni wao ukafikia ule wa Wamoken. Kilichoonekana kuwa kipawa cha kabila kilikuwa mazoea.

Haina maana kwamba kipaji hakipo. Nchini Indonesia wapo Wabajau, wazamiaji maarufu wa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2018 Melissa Ilardo na wenzake walieleza kuwa bandama za Wabajau ni kubwa kwa asilimia 50 hivi kuliko za majirani zao Wasaluan wanaoishi nchi kavu. Bandama huhifadhi damu yenye oksijeni, ambayo mwili huitumia mzamiaji anapobana pumzi. La kushangaza, hata Wabajau wasiozamia walikuwa na bandama kubwa, na watafiti waliona tofauti ya vinasaba. Hicho ndicho kipawa hasa: kimo mwilini kabla hujagusa maji. Lakini Mbajau asiyezamia, pamoja na bandama lake, haleti samaki nyumbani.

Sifa zinazomfunga mtoto

Kwa mzazi, tofauti hii si ya kamusi tu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya kutatua. Wote walisifiwa kwa kufanya vizuri. Baadhi waliambiwa lazima wana akili sana, wengine kwamba lazima wamejitahidi sana. Kisha wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliporudishiwa mengine mepesi kama ya mwanzo, waliosifiwa akili walishuka chini ya pale walipoanzia, na waliosifiwa juhudi walipanda. Walioitwa wenye akili walipendelea pia kazi ambazo hawangeweza kukosea, na wengi zaidi kati yao walidanganya kuhusu alama zao.

Ni rahisi kuelewa. Ukiambiwa umepewa, kukosa maana yake hukupewa. Ukiambiwa umejitahidi, kukosa maana yake bado.

Hii si dawa ya kila tatizo la shule. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani, ukihusisha maelfu ya wanafunzi waliofundishwa kwa muda mfupi kuwa akili hukua kwa kuitumia, ulionyesha nafuu ndogo tu, hasa kwa waliokuwa na alama za chini. Neno jema halijazi dawati wala halileti mwalimu wa hisabati kisiwani. Lakini ni bure, na baya lake huuma miaka mingi.

Kuna pia swali la akili yenyewe. Sara Harkness na Charles Super, waliofanya utafiti kwa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, miaka ya 1970, waligundua kuwa wazazi wa huko hawakuchanganya akili ya shule na akili ya nyumbani. Mtoto mwenye akili ya nyumbani ni yule anayeona kazi na kuifanya kabla hajatumwa. Waluo nao wana rieko, ujuzi na maarifa, lakini kando yake wanataja luoro, ambayo ni heshima, winjo, kusikia na kuelewa anachoelekezwa, na paro, kufikiri na kujianzishia jambo. Mitihani hupima zaidi lile la kwanza. Kwa mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024, wenye mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, mzazi wa Mafia atalazimika kulifikiria jambo hili kwa dhati, na asiifanye amali kuwa kapu la kutupia “wasio na akili”. Kupima mbao ni hesabu.

Kabla ya kumwita mzito

Kuna watoto ambao tatizo lao si kipaji wala juhudi. Anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara huenda anasikia nusu ya anachosema mwalimu. Dalili zake ni kutoitika akiitwa kutoka nyuma, kuuliza “eti?” kila mara, au kutazama sana mdomo wa anayeongea. Anayesogelea ubao, kukunja uso akisoma au kuruka mistari huenda haoni vizuri. Anayesinzia darasani na kuchoka haraka, mwenye viganja na ndani ya kope vilivyopauka, huenda amepungukiwa damu, ambapo malaria, minyoo na mlo duni ni miongoni mwa visababishi vya kawaida. Na aliyetoka nyumbani bila kunywa hata uji hawezi kushindana na aliyekula.

Masikio, macho na wingi wa damu vinaweza kuanza kuangaliwa kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Atakayehitaji vipimo zaidi ataelekezwa Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Kwa wanaotoka Jibondo, Juani au Chole, ni safari ya chombo, kwa hiyo ni vyema kumweleza mhudumu dalili zote kwa mara moja, na kwenda na daftari la shule la mtoto. Mwandiko na mistari iliyorukwa humwonyesha daktari mengi.